Kliniki isiyopokea bima hata moja: jinsi daktari anavyoanzisha ya kwake huku Marekani (uzi mrefu, leteni maswali)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa madaktari na manesi wetu walioko Marekani wanaofikiria kujitegemea, na wa yeyote anayeshangaa inakuwaje daktari mwenye akili timamu aikatae pesa ya bima. Mimi si daktari. Mke wangu ndiye daktari wa familia. Mimi ni karani, mhasibu, mpokea simu na fundi wa printa kwenye kliniki yetu ndogo nje kidogo ya Wichita, Kansas. Mambo ya matibabu msiniulize. Ada, leseni na mikataba, nipo.

Mfumo wenyewe wanauita DPC, yaani huduma ya msingi ya moja kwa moja. Mgonjwa anajiunga kama mwanachama, analipa ada ya mwezi, basi. Akija mara moja au mara sita, ada ni ileile. Mtoto akitokwa na upele saa mbili usiku, mzazi anapiga picha na kumtumia daktari. Kliniki haidai senti kwenye bima yoyote, ya kampuni wala ya serikali. Msituchanganye na wale madaktari wa wenye nazo wanaotoza ada ya mwaka halafu bado wanaidai bima kwa kila ziara. Hao ni wengine.

Mji huu una historia na jambo hili. AtlasMD, mojawapo ya kliniki zilizolitangaza nchi nzima, ilianzia hapa Wichita mwaka 2010, vijana wakilipa dola 50 kwa mwezi na wazee 100. Kabla yao Seattle kulikuwa na Qliance, iliyoanza 2007 na kupata hadi pesa za Jeff Bezos na Michael Dell. Nitarudi kwa Qliance maana ilikufa, na namna ilivyokufa ndiyo iliyotufundisha tupange kliniki yetu vipi.

Kwa nini daktari anaondoka kwenye ajira? Daktari wa familia aliyeajiriwa na mfumo wa hospitali hubeba orodha ya wagonjwa 2,000 au zaidi, na kila mmoja anapata dakika 15 hadi 20. Kila ziara inageuzwa namba za msimbo, namba zinapelekwa bima, bima inakataa, karani anazirudisha, bima inalipa pungufu. Mgonjwa akihitaji MRI, kwanza kibali cha bima. Jeshi zima la makarani linaishi kwenye mzunguko huo, na mshahara wao unatoka kwenye kazi ya daktari: kliniki ya kawaida zaidi ya nusu ya mapato yake humezwa na gharama. Ukiifuta bima, unafuta na hilo jeshi. Ndiyo siri yote ya DPC. Hakuna muujiza mwingine.

Sasa hesabu, kwa namba za mfano. Tuseme ukichanganya watoto, vijana na wazee, ada inaangukia wastani wa dola 60. Wanachama 500 wanakupa dola 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Ukiwa na msaidizi mmoja, chumba cha kukodi cha kawaida na programu ya kutunza mafaili na kukata ada, daktari anabaki na kipato kizuri akiwa na robo tu ya wagonjwa aliokuwa nao. Kliniki nyingi za namna hii husimama kwenye wanachama 400 hadi 800.

Lakini siku unafungua mlango huna 500. Una shemeji yako, watu wachache wa kanisani na fundi wa gari aliyechoka kukosa bima. Dola 60 mara 40 ni 2,400, na hapo kodi ya pango haijalipwa. Kazi ya kuanzisha DPC ni kuvuka hicho kipindi bila kufilisika. Dawa na vipimo mke wangu anavijua tangu shule.

Makaratasi kwa haraka: leseni ya jimbo, usajili wa DEA, wakala wa serikali kuu, kwa dawa zinazodhibitiwa, dola 888 kwa miaka mitatu, namba ya NPI ya kumtambulisha daktari, bure, cheti cha maabara cha CLIA hata kama unapima sukari na mkojo tu kwa vijiti, bima ya makosa ya kitabibu, na mkataba wa uanachama unaoandika wazi kwamba hii si bima. Majimbo zaidi ya 30 yana sheria zinazotamka kuwa DPC haihesabiki kama bima, lakini mengi yanataka sentensi hiyo iwe ndani ya mkataba. Mtafute mwanasheria wa jimbo lako, usinakili mkataba wa jimbo jingine. Jambo moja zaidi: majimbo mengi yanakataza mtu asiye daktari kumiliki kliniki. Kwa hiyo mimi ni mwajiriwa wa mke wangu, na likizo naomba kwa maandishi. Chekeni tu.

#2 Mchangiaji, Houston

Nimeshachukua kiti cha mbele na karanga zangu. Endelea mkuu.

#3 Mchangiaji, Columbus

Mkuu, hongera, lakini hapa naona kama mnawauzia watu kivuli. Nalipa dola 70 kila mwezi, halafu kidole tumbo kinapasuka usiku. Daktari wako atanipasua kwa hiyo 70? Bili ya hospitali huku inauza nyumba ya mtu.

#4 Mleta uzi

Kaka, swali ni la haki kabisa na kila mwanachama mpya tunamwambia kabla hajatia saini: DPC haibebi hospitali. Haibebi upasuaji, saratani, wala gari la wagonjwa. Bado unahitaji bima ya mambo makubwa. Hoja yetu ni kwamba bima ya bei nafuu huku inakutaka ulipe mwenyewe maelfu ya dola kwanza kabla haijaanza kukulipia. Kwa hiyo mtu ana kadi mfukoni, anaikatia pesa kila mwezi, na bado presha yake haijapimwa mwaka wa pili huu kwa kuogopa bili. Sisi tunashika hapo: presha, kisukari, pumu, kushona jeraha, uchunguzi wa kila mwaka, kumchunguza mtoto aliyeamka na homa. Hospitali iachie bima.

Na hapa kuna habari mpya ambayo wengi haijawafikia. Miaka yote IRS, watu wa kodi, walikuwa wanaitazama DPC kama mpango wa bima, kwa hiyo ukiwa mwanachama ulipoteza haki ya kuweka pesa kwenye ile akaunti ya akiba ya afya isiyokatwa kodi, HSA. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha hilo. Kuanzia 1 Januari 2026 unaweza kuwa na vyote viwili, na ada yenyewe unaweza kuilipa kutoka kwenye HSA, mradi isizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja au 300 kwa familia. Sheria hiyohiyo imezifanya bima za daraja la shaba, yaani la chini, za soko la bima la serikali (Obamacare) zikubalike kwa HSA. Kwa wenye biashara zao ndogo, madereva wa malori na wenzetu wa nyumba za kulelea wazee, huo ni mlango mkubwa.

Ila wenye kliniki msome masharti. Ada inatakiwa igharimie huduma ya msingi tu. Dawa, ukiacha chanjo, hazitakiwi kuwa ndani ya ada, wala vipimo vya maabara ambavyo kliniki ya msingi kwa kawaida haivifanyi. Kliniki iliyozoea kusema "dawa zako zote zimo humo humo" inabidi izitenganishe kwenye bili.

#5 Mchangiaji, Dallas

Shikamoo kaka mkubwa. Mimi ni nesi mwenye shahada ya uzamili, naandika dawa na kuhudumia wagonjwa mwenyewe. Je, na sisi tunaweza kufungua, au ni ya madaktari peke yao?

#6 Mleta uzi

Marahaba dada. Inategemea umesimama jimbo gani. Kansas tangu Julai 2022 nesi wa ngazi yako anafanya kazi bila kufungwa kwa daktari yeyote. Minnesota na Washington, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, vilevile ruhusa. Wewe uko Texas, na Texas inakutaka uwe na mkataba na daktari anayekukasimia mamlaka ya kuandika dawa. Inawezekana, ila huyo daktari utamlipa kila mwezi, na akiamka siku moja akajitoa, kliniki yako inasimama siku hiyohiyo. Piga hesabu ukiwa na hilo kichwani.

Tena Texas ni ngumu kwa kitu kingine ambacho sisi kinatusaidia sana: kutoa dawa palepale kliniki. Majimbo mengi yanaruhusu daktari anunue dawa kwa bei ya jumla na kumpa mgonjwa. Kidonge cha metformin au cha presha kwa bei ya jumla ni senti chache. Mwanachama mwenye kisukari, presha na lehemu anaona nafuu kwenye dawa peke yake, ada inajilipa. Texas na New York zinabana kutoa dawa kliniki, kwa hiyo huko utamwelekeza mgonjwa kwenye maduka yenye bei za punguzo. Maabara ni hivyohivyo: ukikubaliana bei na maabara kubwa na kulipa wewe, kipimo cha picha kamili ya damu inaweza kushuka hadi dola chache, wakati mgonjwa huyohuyo hospitalini angetumiwa bili ya kumkosesha usingizi.

#7 Mchangiaji, Minneapolis

Mimi ni daktari, nimesoma Makerere, nilikuja kwa J-1, viza ya mafunzo, na sasa nafanya ile miaka mitatu ya Conrad 30. Ninavyoona nimefungwa. Nikosoe kama kuna njia.

#8 Mleta uzi

Daktari, sikudanganyi, hapo umefungwa kweli. Conrad 30 ni msamaha wa lile sharti la J-1 la kurudi kwenu kwanza, na unakutaka ufanye kazi muda wote kwa mwajiri aliyetajwa, eneo lenye uhaba wa madaktari, kwa miaka mitatu, ukiwa na H-1B, viza ya kazi. Kliniki yako mwenyewe pembeni ni kuchezea karatasi zako. Usiguse mpaka mwanasheria wa uhamiaji aseme.

Ila hiyo miaka unaweza kuitumia. Kwanza, toa mkataba wako wa ajira leo usome mambo mawili. La kwanza ni kifungu cha kutoshindana na mwajiri ukishaondoka. Watu wengi walisikia 2024 kwamba serikali kuu imevifuta vifungu hivyo. Mahakama moja ya serikali kuu huko Texas ikaizuia kanuni hiyo Agosti mwaka huohuo kabla haijaanza, kwa hiyo jimbo lako ndilo linaloamua. Minnesota ilipiga marufuku vifungu hivyo kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia 1 Julai 2023, angalia wako una tarehe gani. Kansas bado vipo, na maili zilizoandikwa kwenye mkataba ndizo zilizotuchagulia mtaa wa kufungulia.

La pili ni bima ya makosa ya kitabibu. Kama mwajiri anakulipia ile inayokulinda tu wakati ipo hai, ukiondoka unahitaji bima ya mkia, kwa sababu mgonjwa anaweza kukushtaki mwaka 2028 kwa jambo la 2026. Mkia huo bei yake huwa karibu mara mbili ya malipo ya mwaka mzima. Uliza nani atalipa, na uulize ukiwa bado wanakupenda.

#9 Mchangiaji, Maryland

Nimefanya kazi afya ya jamii muda mrefu, naomba nipinge kidogo. Daktari mmoja akihama kutoka orodha ya watu 2,000 kwenda 500, wale 1,500 wanaenda wapi? Nchi hii tayari ina uhaba wa madaktari wa familia. Mnajenga kisiwa chenu kizuri, bahari inabaki na wengine. Na mgonjwa wa figo mwenye magonjwa matano mnampokea, au mnachagua vijana wenye afya?

#10 Mleta uzi

Dada, la 1,500 sina jibu la kukuridhisha. Wapo waliobaki bila daktari mke wangu alipoondoka, na wengine bado wanapiga simu. Ninachoweza kusema ni kwamba mbadala kwake haukuwa kuendelea na 2,000. Ulikuwa kuacha kuona wagonjwa kabisa na kuhamia kazi ya ofisini, kama wenzake wengi walivyofanya. Huo ni utetezi wa mtu mmoja, najua sera haijengwi hivyo.

La kuchagua vijana, mlango wetu unaonyesha kinyume. Kijana mwenye afya haoni sababu ya kulipa ada. Wanaokuja ni wenye magonjwa ya kudumu na wale ambao bima haikuwahi kuwafikia. Kansas haijapanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa hiyo kuna mtu mzima anayefanya kazi, kipato chake ni kidogo mno kupata msaada wa bima ya soko, na bado hastahili Medicaid. Huyo ndiye mwanachama wetu wa kawaida. Kuna pia Wakongo waliokuja kama wakimbizi, Wichita wapo wengi, na miezi yao ya kwanza ya msaada wa matibabu ikiisha wengine wanabaki hewani. Mama wa Kivu anayeingia akasikia "karibu mama, unaumwa nini?" kwa Kiswahili, hiyo haimo kwenye ada.

#11 Mchangiaji, Columbus

Nimeanza kulegea. Sasa Qliance ilikufaje na pesa zote zile?

#12 Mleta uzi

Hapa ndipo nataka wenye ndoto wakae wasome taratibu.

Qliance ilipata wawekezaji, ikafungua kliniki kadhaa, ikaingia mikataba na waajiri wakubwa, ikaingia hadi kwenye Medicaid ya Washington. Ilisifiwa na kila mtu. Mwaka 2017 ikafunga. Mwaka huohuo Turntable Health ya Las Vegas nayo ikafunga. Wakati huohuo vikliniki vya daktari mmoja na msaidizi mmoja vilikuwa vinaota kila kona ya nchi, na vingi mpaka leo vipo.

Maoni yangu, na mtu anaruhusiwa kuyapinga: DPC haivumilii mlipaji mkubwa. Ukimpa mwajiri mmoja nusu ya wanachama wako, umeirudisha bima kwa mlango wa nyuma. Akibadilisha meneja wa rasilimali watu, unapoteza watu 200 kwa barua pepe moja. Mwekezaji naye anataka kliniki ya pili kabla ya kwanza haijajaa. Nguvu ya mfumo huu ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kukufukuza kazi. Walipaji wako ni 500, kila mmoja na dola zake chache. Ukitunza hilo, unalala. Sisi tunapokea wafanyakazi wa biashara ndogo, gereji ya watu wanane, mgahawa, lakini hakuna mwajiri anayeruhusiwa kuvuka sehemu ya kumi ya wanachama wote. Tumekataa mkataba mmoja mnono kwa sababu hiyo, na mimi mhasibu ndiye niliyeumia zaidi.

Ndiyo maana pia tulianza kifukara. Chumba kimoja cha kukodi ndani ya ofisi ya mtaalamu wa viungo, kitanda cha kupimia na mashine ya ECG vya mtumba. Hakuna msaidizi mpaka wanachama walipomlipa wenyewe.

#13 Mchangiaji, Dallas

Kaka, hicho kipindi cha njaa mlivukaje? Mume wangu anasema tuuze gari.

#14 Mleta uzi

Gari msiuze dada, Dallas bila gari utafikaje kwa wagonjwa?

Wengi huvuka kwa zamu: wikiendi kwenye kliniki za dharura ndogo, usiku hospitalini. Hapo kuna mtego mmoja mkubwa ambao ukijua mapema unaukwepa. Wazee wa Medicare, bima ya serikali ya wazee, huwezi kuwatoza ada kwa huduma ambayo Medicare inailipia mpaka ujitoe rasmi, kwa hati ya kiapo, na kila mzee asaini mkataba binafsi na wewe. Kujitoa ni kwa miaka miwili miwili, na siku hizi kunajirudia kwenyewe usipokusitisha. Kama ulikuwa umesajiliwa kama mshiriki wa Medicare, kujitoa kunaanza mwanzo wa robo ya mwaka tu, na hati ifike angalau siku 30 kabla.

Sasa, ukishajitoa, umejitoa kila mahali. Ile kliniki ya dharura inayokupa zamu za Jumamosi kwa kawaida haiwezi kuidai Medicare kwa mgonjwa uliyemwona wewe. Wengi wakijua wanakuondoa kwenye ratiba. Kwa hiyo mpangilio ni huu: ama unabaki Medicare mwanzoni, hupokei wazee kwenye uanachama, na unaendelea na zamu; ama unajitoa na kutafuta kazi isiyodai Medicare, kama hospitali za maveterani au magereza. Mke wangu alichagua la kwanza. Wazee tuliwapokea baadaye, zamu zilipokoma. Kujitoa hakukuzuii kumwandikia mzee kipimo au kumpeleka kwa bingwa. Medicare inawalipa hao kama kawaida.

#15 Mchangiaji, Dar

Wakuu wa ughaibuni, na huku nyumbani? Machi 2024 hospitali binafsi kubwa ziligoma kupokea kadi za NHIF, bima ya afya ya taifa, kwa sababu ya kitita kipya cha huduma na bei, tukahangaika. Si ndio wakati wa daktari kusema nilipeni mimi moja kwa moja?

#16 Mchangiaji, Mwanza

Mimi nina zahanati, nijibu hilo. Kule kwao mtu analinganisha ada na bima ya mamia ya dola kwa mwezi, kwa hiyo 60 ni nafuu. Huku mshindani wako ni duka la dawa la mtaani: mtu anaingia, anasema kichwa kinauma, anatoka na vidonge kwa hela ndogo bila kumwona daktari. Na CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, imekuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Nani atanilipa mimi elfu thelathini kwa mwezi akiwa mzima? Labda maeneo ya wenye nazo kama Masaki, au wagonjwa wa presha na sukari ambao wanajua watarudi kila mwezi. Kwa hao ningejaribu. Ila ukikusanya pesa za watu kabla hawajaumwa, nenda kaongee na TIRA, wasimamizi wa bima, kwanza wasije wakasema unaendesha bima bila leseni.

#17 Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza kamaliza, sina cha kuongeza kwa upande wa nyumbani. Hilo la presha na sukari ndilo hasa, hata huku ndio wanaokaa miaka.

Dada wa Dallas, kabla ya yote omba nakala ya mkataba wako wa ajira ofisini. Jumapili jioni nipo hapa, unitumie kwa faragha kile kifungu cha kutoshindana peke yake, ficha majina. Mimi si mwanasheria, lakini nimevisoma vingi kuliko inavyofaa kwa fundi printa.